Grupseti ya baiskeli ya rodi: anza na gia ya mlimani, jina baadaye

Mtu akitaka kununua baiskeli ya rodi, au kubadilisha vifaa kwenye ile aliyonayo, swali linakuja lile lile: vifaa vya Shimano au vya SRAM? Na wenye mapenzi yao wanachomekea Campagnolo, kampuni ya tatu, alafu mjadala unawaka, kila mmoja anatetea alichofunga kwenye baiskeli yake. Mimi nikiulizwa huwa sitaji jina kwanza. Nauliza, mlima mkali kuliko yote unaoupanda ni upi, na unaufikia ukiwa umeshaendesha umbali gani? Manake mlima wa kilomita ya tano, miguu ikiwa bado mibichi, sio mlima ule ule ukiwa kilomita ya 90, chupa zote mbili zimekauka, mgongo umekaza na wenzako wameshapotea mbele. Mimi nasema grupseti inunuliwe kwa ajili ya saa hiyo. Ile dakika mbaya kuliko zote za safari yako ndio ichague, sio picha ya dukani wala jina la timu unayoishabikia.

Tuelewane kwanza, nikisema grupseti namaanisha mfumo mzima unaofanya baiskeli iende na isimame: shifta za kubadilishia gia na breki, direla ya mbele na ya nyuma zinazohamisha cheni, kranki (mikono inayobeba pedali) na sproketi zake za mbele, kaseti (rundo la sproketi za nyuma), cheni, na BB inayobeba ekseli ya kranki. Fremu unaweza kukaa nayo miaka na miaka bila kuigusa, lakini hivi ni vitu utakavyovishika kila ukitoka, utavisafisha, vitaisha, utavinunua tena.

Sasa hesabu, na ni hesabu ndogo tu. Chukua meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya sproketi ya nyuma, jibu ndio mara ambazo gurudumu linazunguka kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu la rodi lenye tairi la kawaida linatembea kama mita 2.1 kwa mzunguko. Sasa tuseme mbele una 34 na nyuma sproketi yako kubwa kabisa ni 28, hiyo ni 1.21. Umechoka, unapanda kwa kilomita 7.5 kwa saa, basi miguu inazunguka kama mara 49 kwa dakika, yaani kila mkanyago ni kunyanyua mzigo, magoti yanalalamika, unainuka kwenye siti unakaa unainuka tena. Toa hiyo 28 weka 34, uwiano unakuwa 1 kamili, na kwa mwendo ule ule miguu inazunguka karibu mara 60. Mlima haujabadilika na mapafu ni yale yale, ila unaweza kukaa kwenye siti ukapumua. Hakuna karboni wala beringi za seramiki zitakazokupa tofauti kama hiyo, na kaseti ni moja ya vitu rahisi kuliko vyote kubadilisha kwenye baiskeli.

Watu wanaogopa upande wa pili, kwamba ukiweka sproketi ndogo mbele utakosa gia ya kasi. Haya, 50 mbele na 11 nyuma, ukizungusha miguu mara 90 kwa dakika, unaenda zaidi ya kilomita 51 kwa saa. Nani kati yetu anakanyaga 51 kwenye tambarare akiwa peke yake? Kwenye mteremko ukizidi hapo unainama tu, unaacha baiskeli ishuke, kukanyaga hakukuongezei kitu cha maana. Kwa hiyo ile 50/34 (meno ya sproketi mbili za mbele) inayoitwa kompakti inatosha watu wengi sana, 52/36 ni ya mwenye miguu imara au anayeishi kwenye tambarare, na 54/40 ambayo Shimano wanaitoa kwenye Dura-Ace, grupseti yao ya juu kabisa, ni ya watu wanaoshindana kweli kweli. Inaniuma nikiona mtu anaanza kuendesha amewekewa 52/36 na kaseti ya 11-28 (sproketi ndogo meno 11, kubwa 28) kwa sababu tu baiskeli ilitoka hivo kwenye boksi, alafu baada ya muda anasema milima sio yake. Milima ni yako, gia ndio sio zako!

SRAM kwenye gia 12, yaani sproketi 12 nyuma, walikuja na njia yao. Waliishusha sproketi ndogo ya nyuma kutoka meno 11 mpaka 10, na za mbele nazo wakazipunguza, ndio unakuta 48/35 na 46/33. Mtu akiona 46 anadhani ni baiskeli ya mtoto, lakini piga hesabu: 48 kwa 10 ni 4.8, hiyo ni gia ndefu kuliko 52 kwa 11 ambayo ni 4.73. Na chini ndio pananivutia zaidi, 33 mbele na 36 nyuma ni 0.92, yaani gurudumu linazunguka chini ya mara moja kwa mzunguko wa mguu. Ukilinganisha seti hiyo ya 46/33 na 10-36 dhidi ya 50/34 na 11-34 ya Shimano, SRAM inakupa zaidi kidogo juu na zaidi chini pia. Lipo la kulipa hapo, cheni inapinda zaidi ikizunguka sproketi ya meno 10 na msuguano unaongezeka kidogo, na mshindani anayekaa kwenye gia hiyo muda mrefu anajali. Kwa mtu wa kawaida anayeigusa kwenye miteremko tu sioni kama ni sababu ya kuikataa.

Na hapa kuna kitu watu wanakipita haraka, nacho ni pengo kati ya sproketi moja na nyingine. Kaseti ya Shimano ya gia 12, ile 11-34, inaenda 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 24, 27, 30, 34. Sasa chukua ile 11-30 ya gia 11 ya 105 (grupseti ya kati ya Shimano) iliyotangulia: ni namba zile zile mpaka 30. Yaani gia ya kumi na mbili ambayo watu wanaigombania ni sproketi moja ya mlimani tu imeongezwa mwishoni. Ni kitu kizuri sana, sikatai, ila sasa unajua unalipia nini.

Alafu twende kule chini kabisa, Claris ya Shimano, gia 8, ambayo wengi hawataki hata kuitaja. Kaseti yake ya 11-32 ni 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Ukiwa na 34 mbele, gia ya mlimani ni 1.06, umepishana kidogo sana na yule mwenye gia 12. Kwenye mlima ule wa kilomita ya 90 Claris haikuangushi! Itakapokuchosha ni kwenye kundi, tambarare, watu wanakimbia kwa mwendo mmoja na wewe uko kwenye 18 unazungusha 90, mwendo umepanda kidogo unataka gia inayofuata, ni 15, ukiingia hapo kwa mwendo ule ule miguu inashuka mpaka 75. Ama unazungusha haraka mno ama unakanyaga mazito mno, gia ya katikati unayoitaka haipo. Kwa hiyo anayeendesha peke yake na anayependa milima na matembezi marefu, gia 8 au 9 zinamtosha kabisa, ila anayependa makundi na mashindano atatamani sproketi zilizokaribiana, na kutamani huko ni kwa haki.

Ngazi zenyewe za Shimano upande wa rodi tumezizoea: Claris gia 8, Sora 9, Tiagra 10, alafu 105, Ultegra na Dura-Ace ambazo sasa zote zina 12. Dura-Ace ilitoka mwaka 1973, na ndio iliyoleta gia za kubofya zinazojipanga zenyewe mwaka 1984, alafu 1990 wakaunganisha shifta na breki kwenye mpini mmoja. Kabla ya hapo ulikuwa unatoa mkono kwenye usukani unashika kijiti kwenye fremu, unaitafuta gia kwa sikio. Karibu kila kitu tunachokiona cha kawaida leo kilianzia juu kule kikashuka ngazi kwa ngazi, na hii ndio sababu mimi nina imani kubwa na 105. Inachokipata 105 kimeshajaribiwa na wanaoendesha kwa riziki yao. Kati ya 105 na Dura-Ace za umeme (zinazohamisha gia kwa betri badala ya waya wa kuvuta), zote za gia 12, unaokoa karibu nusu kilo kwa grupseti nzima. Chupa moja kubwa ya maji ikijaa inazidi hapo. Ultegra inakaa katikati, inabadilisha gia vizuri sana, na ukipewa bei nzuri chukua, ila usijinyime magurudumu mazuri au tairi nzuri ili tu upande kutoka 105 kwenda Ultegra. Tairi utaisikia kila mita ya barabara.

SRAM nao wana Apex, Rival, Force na Red kwa kupanda. Kampuni ilianza Chicago mwaka 1987, wakati Shimano imeanza 1921 kule Sakai, Japani, kwa kutengeneza friwili, na Campagnolo 1933 kule Vicenza, Italia. Kwa hiyo SRAM ndio kijana wa hawa watatu na nadhani ndio maana hawaogopi kuvunja vitu. Mwaka 2015 walitoa Red eTap isiyo na waya hata mmoja kati ya shifta na direla, na 2019 wakaja na AXS, mfumo wao huo wa umeme, wa gia 12. Leo wamehamia umeme karibu kote, kwenye rodi ya sproketi mbili mbele ukitaka SRAM mpya ya waya wa kuvuta utahangaika. Shimano nao, Ultegra na Dura-Ace zilipoingia gia 12 mwaka 2021 zikawa za umeme tu, ila wametuachia 105 ya waya, R7100, ya mwaka 2023. Kwa hilo nawashukuru kabisa.

Sasa mikono. Hili huwezi kulisoma kwenye karatasi, lazima ukashike. Shimano ya waya, mpini wa breki wenyewe unausukuma kwa ndani kupandisha cheni kwenye sproketi kubwa, na kile kidogo cha nyuma yake kinarudisha. SRAM ya waya ilikuwa na kijiti kimoja, ukikigusa kidogo cheni inashuka, ukikisukuma sana inapanda, na wengine walikuwa wakichoka wanasukuma nusu nusu wanapata gia wasiyoitaka. Lakini SRAM ya umeme ndio iliyo rahisi kuliko zote kuelewa: mkono wa kulia gia inakuwa nzito, wa kushoto inakuwa nyepesi, ukibonyeza yote miwili kwa pamoja direla ya mbele inahama. Mtu mgeni anaelewa kabla hajatoka getini. Kwa Di2, yaani umeme wa Shimano, vitufe viwili vimekaa upande mmoja vinapakana, na ukivaa glavu nene, mvua inapiga, vidole vimekufa ganzi, unaweza kubonyeza kisicho. Kuna watu wameendesha Di2 miaka na miaka hilo halijawasumbua, nawaamini, ila mimi vidole vyangu vikipata baridi vinapotea, kwa hiyo kwangu ni jambo kubwa. Campagnolo wao wana kijiti cha kidole gumba upande wa ndani, kila kitu na kazi yake, na 2023 walipokiondoa kwenye Super Record, grupseti yao ya juu, ile isiyo na waya, mashabiki walisikitika kweli, mpaka 2025 kikarudi kwenye Super Record 13.

Mwenye mikono midogo aangalie pia umbali kutoka usukani mpaka kwenye mpini wa breki. Shifta nyingi za kisasa zina skrubu ya kuusogeza karibu lakini hudi zenyewe, ile sehemu ya mpira unapoweka kiganja, zinatofautiana unene, hasa zenye breki za mafuta manake pampu iko humo ndani. Kaa nazo mkononi hata dakika kumi, breki kwa vidole viwili ukiwa umeinama. Ukilazimika kunyoosha vidole kuifikia breki ukiwa mteremkoni, hiyo seti haikufai hata iwe imeshinda mashindano gani.

Waya au betri? Hapa ndipo watu wanagombana na mimi nina msimamo. Umeme ni mtamu. Direla ya mbele inapanda chini ya mzigo bila kusuasua, inajisogeza yenyewe cheni isisugue, na gia haziharibiki taratibu kwa sababu ya waya uliopata kutu. Rafiki yangu ana maumivu ya viungo vya vidole, kwenye waya alikuwa anamaliza safari amekunja uso, na alipohamia umeme akarudi kufurahia milima. Kwa mtu kama huyo sibishani hata kidogo, nunua umeme.

Ila turudi kwenye ile dakika mbaya. Di2 ya gia 12 ina betri moja ndani ya bomba la siti, waya zinaenda kwenye direla mbili, na shifta zinaongea bila waya zikitumia vibetri vidogo vya sarafu. Inakwenda kama kilomita 1,000 kwa chaji, na ikikaribia kuisha direla ya mbele inasimama kwanza ili ya nyuma iendelee kidogo, ni tahadhari nzuri. SRAM ina betri mbili ndogo zinazotoka, moja kwa kila direla, kama saa 60 za kuendesha, na zinafanana. Kwa hiyo ya nyuma ikikata ukiwa mbali unachomoa ya mbele unaiweka nyuma, unabaki kwenye sproketi moja ya mbele lakini gia za nyuma zote unazo, na betri ya akiba inakaa mfukoni wala huisikii. Kwa safari za siku nyingi naona huo mfumo wa SRAM umefikiriwa vizuri zaidi. Di2 huwezi kuchomoa betri njiani, lazima uitafutie umeme baiskeli yenyewe.

Waya nao una dakika yake mbaya. Wangu ulishakatika ndani ya shifta nikiwa naanza kupanda, na ukikatika spring ya direla inavuta cheni mpaka sproketi ndogo kabisa, kwa hiyo umebaki na 34 kwa 11, zaidi ya mara tatu, mlimani. Lakini kuna la kufanya: ile skrubu ya kikomo cha juu kwenye direla, yenye herufi H, ukiikaza inasukuma direla iende ndani, unaweza kupata sproketi ya pili au ya tatu na ukajikokota mpaka nyumbani. Bisibisi ndogo tu. Na waya wenyewe unapatikana karibu popote penye fundi, anayejua gia atakufungia wewe unakunywa maji. Hiyo ndio sababu mimi mpaka leo niko kwenye waya, na anayeendesha mbali na mafundi wa umeme namshauri hivo hivo. Ila waya unaotoa dalili usiupuuze, gia zikianza kusita kupanda au kushuka bila sababu, fungua shifta uangalie kichwa cha waya, nyuzi zikianza kuchanua humo ndani badilisha siku hiyo hiyo, kile kichwa kikibaki ndani ya shifta kukitoa ni kazi ya machozi.

Kitu kingine ambacho tangazo halikwambii ni kwamba grupseti inakuja na ndoa zake. Kaseti za rodi za Shimano za gia 12 zinaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya kawaida ya aina ya HG ya gia 11, kwa hiyo magurudumu yako ya zamani yanaweza kubaki, na hilo ni jambo kubwa sana kwa mfuko. Kaseti za SRAM zinazoanza na meno 10 zinahitaji habu ya aina ya XDR, na cheni lazima iwe ile yao yenye mgongo bapa. Campagnolo wana habu yao, N3W, iliyokuja na grupseti ya Ekar ya gia 13 mwaka 2020. Kabla hujalipa uliza gurudumu lako linakubali kubadilishiwa kiini cha habu au la, manake wapo waliofika nyumbani na grupseti mpya na magurudumu hayaivai.

Kuchanganya nako kuna sheria zake. Direla za rodi za Shimano za gia 8, 9 na 10 za zamani zinavutwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo fundi anaweza kukuokoa na direla ya Sora kwenye shifta za Claris na ikafanya kazi vizuri tu. Lakini Tiagra 4700 pamoja na kuwa ni gia 10 inatumia mvuto wa familia ya gia 11, ukiifunga na vitu vya zamani vya gia 10 gia hazitakaa. Watu wengi wananunua shifta moja iliyotumika kwa kuona tu "gia 10" alafu wanamlaumu fundi.

Breki pia. Shimano na Campagnolo wanatumia mafuta ya madini, SRAM wa rodi wanatumia DOT, jamii ile ile ya mafuta ya breki za magari. DOT inanyonya unyevu kutoka hewani kwa hiyo inataka kubadilishwa kila baada ya muda, na ikidondoka kwenye rangi ya fremu inaila, ifute haraka. Mafuta ya madini ni mpole zaidi kwenye rangi na ngozi. Kusimama zote zinasimamisha vizuri, sijawahi kuona mtu kavuka kona kwa sababu ya aina ya mafuta, ila usizichanganye kamwe, mpira wa ndani unavimba na breki imekwisha.

Wanaonunua vitu vilivyotumika, na ni wengi, hili lisomeni mara mbili. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa kranki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, zile ambazo vipande viwili vya mkono wa kranki vimegandishwa kwa gundi, kama milioni 2.8 duniani. Tatizo ni kwamba gundi inaweza kuachia, vipande vinatengana, na mkono unavunjika ukiwa umesimama kwenye pedali. Kranki za 105 za wakati huo hazimo kwenye ukaguzi huo. Ukiona tangazo la Ultegra 6800 au R8000, Dura-Ace 9000 au R9100, uliza kranki ilikaguliwa au ilibadilishwa. Geuza mkono uangalie mstari wa maungio kwa nyuma, ukiona mwanya au ukisikia mlio kila ukikanyaga, acha. Alafu pima cheni kwa kipimo. Kwa gia 11 na 12 ikifika asilimia 0.5 ya kurefuka ni ya kubadilishwa, na muuzaji aliyeiacha ipite hapo sana ujue kaseti nayo imeliwa, hiyo gharama ni yako.

Campagnolo nimeisema kidogo na nisingependa ionekane naidharau. Tullio Campagnolo, mwanzilishi wake, ndiye anayesifiwa kwa kutupa ekseli ya kufungua gurudumu kwa mkono bila spana, na kila aliyewahi kutoa gurudumu kwa kuvuta kijiti kimoja anamdai asante. Vitu vyao vinapendeza macho na kwa miaka mingi shifta zao zilijulikana kwamba zinafunguka na kutengenezeka, hata spring ya ndani unanunua peke yake. Ila kama aliye karibu na wewe hana hata cheni ya Campagnolo, dakika yako mbaya itakuwa wiki mbaya ya kusubiri kifurushi. Kama fundi wako anaijua na vifaa vinafika, chukua kwa moyo mweupe.

Mimi leo ningepewa kuchagua mpya, milima ikiwa mingi na fundi wa kawaida akiwa karibu, ningechukua 105 ya waya ya gia 12, 50/34 mbele na 11-34 nyuma. Milima ikizidi kuwa mikali na safari zikiwa ndefu, na nina uhakika wa mahali pa kuchaji, Rival AXS ya 46/33 na 10-36. Bajeti ikibana, Tiagra au Sora, na pesa inayobaki iende kwenye tairi na kaptula nzuri.

Na wewe mwenye 105 ya gia 11, R7000, unayefikiria kuitupa kwa sababu mlima umekushinda, subiri kidogo. Angalia direla yako ya nyuma, kwa ndani ina maandishi SS au GS. SS ni ya mkono mfupi na mwisho wake ni sproketi ya meno 30, GS ya mkono mrefu inabeba mpaka 34. Kama ni GS, nunua kaseti ya 11-34 ya gia 11 na cheni mpya, mwambie fundi aipime cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma ili isikaze, alafu arekebishe ile skrubu ya B mpaka kile kigurudumu cha juu cha direla kisiguse meno ya 34. Kama ni SS, ongeza direla moja ya GS kwenye oda hiyo. Shifta, breki na kranki haziguswi, na kazi yenyewe fundi mzoefu anaimaliza mchana mmoja.